Nchi Iliyojifunza Kukataa kwa Amri

Nchi hii haipo, tuelewane mapema. Nimeitunga mwenyewe, nikiwa nimekalia kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Ukisoma ukaona kama unaifahamu, au kama uliwahi kupanga foleni kwenye dirisha lake, hayo ni macho, kamwone daktari. Na daktari akikwambia naye anaifahamu, kaeni chini mnywe chai nyie wawili. Mimi simo.

Inaitwa Jamhuri ya Itikio. Ina milima miwili, mto mmoja unaotiririka ukipewa ruhusa, na Mlezi Mkuu mmoja. Waliotawala kabla yake hakuna anayewakumbuka, kwa sababu wananchi waliombwa wasiwakumbuke, wakakubali. Watu wa Itikio wanakubali. Ndiyo kazi yao. Mtoto akizaliwa, hata kabla hajalia, nesi anamgeuza uso uelekee Ikulu na kumuuliza, "Umekubali?" Mama yake anamwitikia, "Ndiyo, Mlezi," na uchungu wake uleule. Ukienda dukani ukauliza sukari, muuza duka atasema ndiyo, ipo, hata kama duka ni la misumari. Atakupimia kilo. Nawe utasema ndiyo, asante, utakwenda nayo nyumbani, na wageni wako watakuambia chai imekolea.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria raha aliyokuwa nayo Mlezi Mkuu. Kila jioni alicheza drafti na mawaziri wake, na kila jioni alishinda, hata siku alizosinzia. Siku hizo waziri alimchezea na kete zake pia, akajifunga mwenyewe, kisha akakaa kimya akisubiri bosi azinduke apongezwe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumkatalia: marehemu mkewe. Inasemekana alimkatalia chumbani, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini ili walinzi wasisikie wakamkamata. Tangu alipozikwa, Mlezi Mkuu alikuwa akila kwenye meza ndefu sana, yeye upande huu, na upande wa pili picha yake mwenyewe.

*

Ikatokea akaalikwa nchi moja ya baridi, kwenye mkutano wa kujadili umuhimu wa mikutano. Mchana mmoja, hotelini, akatamani muhogo wa kuchemsha. Msaidizi wake wa simu alikuwa ametoka kwenda kumtafuta msaidizi wake wa viatu, basi Mlezi Mkuu akanyanyua simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu enzi za simu za kuzungusha.

"Jikoni?" alisema kwa Kiingereza chake cha hotuba. "Nataka muhogo wa kuchemsha, na chumvi pembeni."

"Noup," ikajibu sauti ya mama mmoja mtu mzima, yaani hapana ya Kiingereza cha haraka.

Mlezi Mkuu akasubiri. Alidhani kuna maneno mengine yanakuja nyuma.

"Basi viazi."

"Naa."

"Wewe mama, unajua unaongea na mtu mkubwa?"

Yule mama akacheka. Na kicheko chenyewe si cha dharau, ni cha mtu ambaye miguu inamuuma. "A-a, mpenzi," alisema, maana kule wanamwita mpenzi hata mtu wasiyemjua. "Jiko tunafungua jioni. Kunywa maji, usubiri kama wenzako."

Wasaidizi waliporudi walimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, bilauri ya maji mkononi, machozi yanamtoka. Mmoja akataka kuvunja uhusiano wa kibalozi. Mwingine akapendekeza vita. Mlezi Mkuu akawanyamazisha kwa mkono.

"Mwacheni," alisema. "Tangu mke wangu aondoke, leo ndiyo nimeongea na mtu."

Redio ya taifa ikatangaza kwamba Mlezi Mkuu amekunywa maji kwa mafanikio makubwa.

*

Aliporudi aliita Baraza la Mawaziri.

"Nimezeeka," aliwaambia. "Kabla sijafa, nataka mtu mmoja wa nchi hii aniangalie usoni, anikatalie. Mmoja tu. Mtaweza?"

"Ndiyo, Mlezi!" Wakasimama wote, wakapiga makofi hadi glasi zikatetemeka.

Waziri wa Mwitikio, Dakta Mchangila, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, akaunda kamati ya wataalamu. Kamati ikazunguka nchi nzima kuangalia kama kuna namna yoyote ya kienyeji ya kukataa. Ikagundua, kwa mshtuko mkubwa, kwamba zipo tele. Kinamama sokoni walikutwa wakisema "thubutu!" Watoto walisikika wakisema "ng'o!" huku wakikimbia. Huko mabondeni mzee mmoja alikutwa akisema "wapi bwana!" mchana kweupe, na alipoulizwa kibali akarudia. Kamati ikapendekeza yote yapigwe marufuku.

"Kukataa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa ni uchochezi," Dakta Mchangila aliwaeleza waandishi wa habari, ambao waliandika hata kikohozi chake. "Kukataa kwa Kiingereza ni maendeleo. Na wala hatusemi kile Kiingereza cha barua, cha tunasikitika kukutaarifu. Tunasema kile cha mdomoni, cha jikoni, kilekile alichokisikia Mlezi Mkuu kwa masikio yake matukufu. Noup. Naa. A-a. Na kwa maofisa wa ngazi za juu, no wei."

Tatizo likawa mwalimu. Ndipo na mimi nilipojiingiza kwenye hadithi, kwa kuwa ajira ni ngumu na nchi ni yangu, nimeitunga.

Naitwa Mtitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina B ya Kiingereza, na D za mambo mengine yasiyohusiana na habari hii. Siku nzima nilishinda kwenye banda la kuonyesha filamu, natafsiri filamu za kizungu kwa sauti ili watu wajue nani kamuua nani. Gari jeusi likaja kunichukua. Mama yangu alipoliona hakuuliza kitu. Aliwaita majirani waje na mikeka.

*

Darasa langu la kwanza lilikuwa Baraza zima la Mawaziri, wamekalia madawati ya shule ya msingi yaliyoletwa makusudi ili wajisikie wanafunzi. Magoti yao yalikuwa karibu na masikio.

"Waheshimiwa," nikasema, "ni neno moja. Noup. Midomo inafunga mwishoni, kama mtu amefunga mlango wa kabati. Dakta, jaribu."

Dakta Mchangila akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kwa heshima na taadhima, Mwalimu, noup."

"Fupisha, Mheshimiwa. Noup, basi."

"Noup basi."

"Bila basi."

"Noup bila basi."

Wenzake wakampigia makofi, yeye akapunga mkono.

"Naa" ikawa ngumu zaidi, kwa sababu haitaki mdomo peke yake, inataka na bega. Bega linapanda kidogo, kivivu, kama unafukuza inzi ambaye huna ugomvi naye. Mabega ya mawaziri wa Itikio hayapandi. Yamezoea kushuka. Kila aliyesema "naa" mgongo uliinama wenyewe hadi paji la uso likagonga dawati. Nilimshika Waziri wa Ulinzi kwa nyuma, nikamnyoosha kwa goti. Nikimwachia tu, anajikunja kama kiti cha kukunja cha harusini.

"Mwalimu," aliniambia akihema, "huo mfupa mimi sina."

Tukaafikiana kwamba naa ya kuinama itambuliwe kuwa ndiyo naa ya kitaifa.

Siku ya mtihani Mlezi Mkuu alikuja mwenyewe. Amevaa shati jipya, amenyoa ndevu, kama mtu anayekwenda kuposa. Akakaa mbele yao, akauliza:

"Nataka kujenga uwanja wa ndege kijijini kwetu, juu ya mashamba ya watu. Nijenge?"

"Noup!" Baraza zima kwa pamoja, kama kwaya.

Uso wa Mlezi Mkuu ukang'aa. Akanigeukia, akanifinya mkono. "Kwa hiyo nisijenge?"

Mawaziri wakaangaliana. Dakta Mchangila akainua kidole. "Mlezi, zege tulishaanza kumwaga. Tangu asubuhi ulipowaza."

"Lakini mmesema noup."

"Ndiyo, Mlezi. Kama ulivyoagiza."

Umewahi kuona kandili mafuta yanapoiishia? Ndivyo ule uso ulivyozimika. Alitushukuru wote, mmoja mmoja. Akaondoka anatembea polepole, na walinzi wake nao wakatembea polepole.

*

Sasa niwaambie habari ya Mama Nakivona, mpishi wa Ikulu. Sijakatazwa kuisema. Nimekatazwa tu kuikumbuka.

Waraka wa kukataa ulipelekwa kila idara isipokuwa jikoni, kwa sababu jikoni mikono ina unga na hakuna wa kuupokea. Mama Nakivona hakuwa anajua lolote. Alichojua ni kwamba Mlezi Mkuu ana presha na daktari amempiga marufuku chumvi. Mchana mmoja niko kwenye kidirisha cha jikoni nasubiri chai yangu ya ualimu, akaja msaidizi wa vyakula.

"Mlezi anasema muhogo haujakolea. Ongeza chumvi."

Mama Nakivona alikuwa anaonja mchuzi, mdomo umejaa. "A-a," akasema, bila hata kugeuka.

Msaidizi akaganda. Na mimi nikaganda. Jamani, ile a-a! Nimefundisha serikali nzima, sijawahi kusikia a-a ya namna ile. Bega lake lilipanda lenyewe.

"Unasemaje, mama?"

Akameza. "Nasema a-a. Daktari kakataza. Mwambie ale hivyohivyo, asiwe mtoto. Sitaki afe halafu waseme ni muhogo wangu."

Jibu lile likatoka jikoni likapita kwa msaidizi wa vyakula, kwa mwonjaji, kwa katibu wa meza, kwa mkuu wa itifaki, na kila mmoja akalinyoosha kidogo. Lilipofika mezani lilikuwa limeshakuwa "Ndiyo, Mlezi, chumvi inakuja." Mlezi Mkuu akatikisa kichwa, akaendelea kuitazama picha yake.

Msaidizi akaripoti alichosikia, Mama Nakivona akakamatwa. Kesi yenyewe haikuwa rahisi, maana kamati ilitakiwa kuamua: ile a-a ilikuwa ya Kiingereza, ambayo ni halali, au ya kwetu, ambayo ni uchochezi? Masikioni zinafanana. Nikaitwa mimi, mtaalamu, nikala kiapo.

"Ya nje," nilisema haraka. "Ya nje tupu, wazee wangu. Hata ukiisikiliza vizuri ina baridi."

Nilidhani nimemwokoa. Mwenyekiti akavua miwani. "Vizuri sana. Kwa hiyo, mama, kibali chako cha kuiingiza nchini kiko wapi?"

"Kuingiza nini, mwanangu?"

"Hiyo a-a."

Akapatikana na hatia ya magendo. Kwa huruma ya serikali hakufungwa. Alirudishwa kijijini kwao, akaambiwa apumzishe mdomo. Mlezi Mkuu akaambiwa kwamba mpishi amestaafu kwa furaha. Chumvi ikaongezwa.

*

Ikaja Siku ya Kukataa Kitaifa. Uwanja ukajaa pomoni. Wanafunzi wameinua kadi zilizoandikwa NOUP kwa rangi za bendera. Watu walikuwa wamefanyishwa mazoezi: Mlezi Mkuu akiuliza lolote, jibu ni noup au naa.

"Wananchi, mmenichoka?"

"Noooup!"

"Mnaona nimewakosea?"

"Naaaa!" Na uwanja mzima ukainama.

Mlezi Mkuu akafuta jasho. Nilimwona anakunja karatasi ya hotuba, anaitia mfukoni. Akasogelea kipaza sauti, akauliza swali ambalo kwenye mazoezi halikuwamo.

"Basi niendelee kuwatawala?"

Watu walifungua midomo, wakalikuta lile neno walilofundishwa, wakaliangalia, wakalirudisha. Wakisema noup, wamekataa kweli. Wakisema ndiyo, wamekataa kukataa, na hilo nalo ni kosa. Uwanja mzima ukabaki midomo wazi kama vifaranga. Upepo ukapita. Mahali fulani kadi moja ilianguka chini, tukaisikia.

Na Mlezi Mkuu amewainamia, kiganja nyuma ya sikio, anasubiri. Alisubiri kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba ambayo ameona kabisa moshi wa jikoni unatoka.

"Bendi!" akapiga kelele Dakta Mchangila.

Matarumbeta yakalia. Watu wakamshukuru Mungu, wakacheza.

*

Baada ya hapo Mlezi Mkuu akaacha kutoka. Alasiri moja akaniita ofisini kwake. Nilimkuta peke yake, kavua viatu, drafti iko mezani imepangwa pande zote mbili.

"Mwalimu, nipigie ile hoteli," alisema. Namba alikuwa nayo kichwani, kama kijana aliyepewa namba na msichana.

Ikaita. Akapokea mama yuleyule. Mlezi Mkuu alimjua kwa pumzi.

"Muhogo wa kuchemsha," akasema, anatabasamu tayari, "na chumvi pembeni."

Nikasikia sauti ikisimama wima.

"Ndiyo, Mtukufu. Mara moja, Mtukufu. Tuulete wapi?"

Kumbe ubalozi wetu ulishamtafuta. Walimpelekea maua, picha ya Mlezi Mkuu yenye fremu, na maelezo.

"Mama, mimi niko mbali," alisema Mlezi Mkuu. "Bahari iko katikati. Huwezi kuleta."

"Tutaleta, Mtukufu."

"Jiko si limefungwa?"

"Kwako halifungwi, Mtukufu."

Lile neno mpenzi hakulisema tena. Mlezi Mkuu akakirudisha kile chombo cha simu mahali pake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Tukakaa. Akasogeza kete moja mbele, akairudisha.

"Kijana," alisema, hakuniita Mwalimu, "katika nchi hii nzima, hajatokea hata mmoja?"

Nilikuwa nimekatazwa kukumbuka. Na mlangoni kivuli cha Dakta Mchangila kilikuwa kinaonekana, kinene vilevile. Lakini yule mzee alikuwa ananiangalia na soksi zake zimetoboka kidoleni. Nikakumbuka.

"Yupo, Mlezi. Mama Nakivona. Ulipotaka chumvi alikataa. Akasema usiwe mtoto."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Nisiwe mtoto?"

"Na kwamba ule hivyohivyo."

Akacheka. Alicheka hadi akashika meza, kete zikamwagika. "Mleteni!" akaita. "Mleteni sasa hivi!"

*

Hapo ndipo ilipoharibika, na wala si kwa ubaya. Kila mtu alikuwa anataka kufurahisha. Yalikwenda magari yenye ving'ora. Yakaizunguka nyumba ya Mama Nakivona, askari wakaruka uzio ingawa mlango ulikuwa wazi, wakamwambia, "Unatakiwa Ikulu. Ni kuhusu ile chumvi." Hawakusema zaidi kwa sababu hawakuambiwa zaidi. Alifika amevaa kanga za nyumbani, mguu mmoja una ndala, wa pili hauna kitu. Njiani kutoka getini, Dakta Mchangila alimkumbusha sikioni mambo mawili matatu, kwa upole sana.

Sahani ya muhogo ikawekwa mezani. Baraza zima limejipanga ukutani. Mlezi Mkuu amevaa lile shati jipya.

"Karibu, mama," alisema, sauti imejaa utani. "Umenitupa kabisa. Ona, muhogo wenyewe haujakolea. Hebu niongezee chumvi." Na akamkonyeza, mzee wa watu, kumsaidia.

Mama Nakivona akamwangalia. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Dakta Mchangila. Nikaona bega lake linaanza kupanda. Mlezi Mkuu naye aliliona, akasogea mbele kwenye kiti.

Likafika nusu. Likasimama. Likashuka.

"Ndiyo, Mlezi," akasema.

Akachukua kikopo, akamwaga. Alimwaga hadi muhogo ukapotea na sahani ikawa nyeupe kama shuka la hospitali. Hakuna aliyemwambia basi.

Mlezi Mkuu akala. Kipande kwa kipande, anatafuna polepole, machozi yanamlengalenga, na ile picha yake upande wa pili inamtazama tu.

"Umekolea, Mlezi?" akauliza Dakta Mchangila, ameshainama tayari.

Mlezi Mkuu akaweka uma chini.

"Noup," alisema kwa sauti ndogo, na midomo ikafunga mwishoni kama mlango wa kabati.

Tukapiga makofi. Ilikuwa noup safi kuliko zote nilizowahi kufundisha, na Waziri aliagiza irekodiwe kwa matumizi ya shule. Mama Nakivona peke yake hakupiga makofi, maana mikono yake yote miwili ilikuwa bado imeshika kile kikopo.